Oda ya Madera 40 Ilivyoondoka kwa Tangazo: Jinsi ya Kusafisha Kompyuta Yako ya Biashara



Leo siongelei mtaji wala bei. Naongelea kompyuta yako, hiyo unayojibia wateja WhatsApp, unayotengenezea picha za bidhaa na kuandikia oda. Kama siku hizi ukiiwasha tu yanaruka matangazo pembeni, mara kamari, mara dawa za ajabu ajabu, mara "kompyuta yako ina virusi 5, bonyeza hapa", basi hii ni yako. Soma mpaka mwisho, kwa sababu mpangilio wa hatua una maana. Mimi nilianzia mwisho, nikala hasara mara mbili.

ILIVYONIKUTA

Nauza madera na vitenge. Nusu ya wateja wananipata mtandaoni, nusu wanakuja kwenye fremu yangu Mbagala. Kompyuta yangu ni ya mtumba, nilinunua Kariakoo, na ndiyo ofisi yangu nzima.

Wiki moja kabla ya Ramadhani alikuja mama mmoja mtu mzima na mabinti zake wawili. Mfungo mosi walikuwa na harusi, wanatafuta sare.

"Shikamoo mama, karibuni."

"Marahaba mwanangu. Picha zako nimeziona kwenye simu ya huyu binti yangu, ila simu inadanganya rangi. Nataka nizione kwa ukubwa."

Alihitaji madera 40. Nikamsogezea kiti, nikageuza kompyuta upande wao, nikaanza kuwaonyesha. Picha ya tatu tu, chini kulia likaruka tangazo, picha ya mwanamke hana nguo. Nikalifunga haraka. Likaja lingine, baya kuliko la kwanza. Yule mama akaangalia pembeni, akachukua mkoba wake, akasema kwa upole, "Basi mwanangu, sisi tutapita tena."

Hawakupita tena. Faida yangu kwa dera moja la jumla ilikuwa shilingi 3,000. Piga hesabu mwenyewe: 120,000 iliondoka ndani ya dakika moja. Na hela haikuniuma kama kile alichoondoka nacho kichwani, kwamba huyu binti hayo ndiyo mambo anayoangalia.

Kesho yake nikampelekea fundi. Akaniambia dawa ni kupiga Windows upya, shilingi 20,000. Nikakubali bila kuuliza. Akafuta kila kitu, pamoja na orodha ya wateja wangu ya mwaka mzima niliyokuwa nimeiandika kwenye Excel. Sikuwa na nakala popote.

Kompyuta ikarudi safi kabisa. Jioni nikafungua Chrome, nikaingia na akaunti yangu ya Google kama kawaida. Asubuhi nikitafuta kitu Google, inanipeleka kwenye ukurasa mwingine wa kutafutia nisioujua, umejaa matangazo. Ugonjwa umerudi!

Nikamlaumu fundi. Kumbe ugonjwa niliurudisha mimi mwenyewe, na hapo ndipo nilipoamua kujifunza. Sina cheti cha kompyuta, nimeishia kidato cha nne. Haya yote nimeyapata kwa kusoma na kujaribu kwenye mashine yangu. Kama mimi nimeweza, wewe unaweza.

HAYA MATANGAZO YANATOKA WAPI

Kwanza elewa biashara yao. Kuna watu wanalipwa kila tangazo linapoonekana au kubonyezwa. Kuna wengine wanalipwa kwa kila kompyuta ambayo programu ya matangazo imefanikiwa kuingia. Kwa hiyo mtu anachukua programu ya bure ambayo watu wanaitafuta, anaifunga pamoja na programu ya matangazo, anaiweka mtandaoni. Wewe unachukua ya bure, yeye analipwa.

Hawa hawataki kompyuta yako ife. Wanataka iendelee kuwaka wakati wanaigeuza ubao wao wa matangazo, kwa umeme wako na bando lako. Ndiyo maana kompyuta inakuwa nzito na bando la wiki linaisha siku ya tatu.

Wanaingilia milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kitufe cha Allow. Unafungua tovuti kuangalia mpira au kushusha wimbo, inakwambia "bonyeza Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Ukibonyeza, hujathibitisha chochote. Umeipa hiyo tovuti ruhusa ya kukutumia arifa muda wowote, na arifa zenyewe ni matangazo. Yale yaliyomkimbiza mteja wangu yalikuwa ya aina hii.

Mlango wa pili ni viendelezi, yaani vile viprogramu vidogo vinavyojibandika ndani ya brauza. Brauza ni hiyo unayoingilia intaneti: Chrome, Edge au Firefox. Kiendelezi kibaya kinaweza kukubadilishia ukurasa wa kutafutia na kupachika matangazo kwenye kila tovuti unayofungua.

Mlango wa tatu ni Next, Next, Next. Unaweka programu ya bure, una haraka, unabonyeza Next bila kusoma. Katikati pale palikuwa na kisanduku kidogo kimeshawekwa tiki: "Weka na hii pia". Umekubali bila kujua.

Mimi nilitaka kugeuza orodha yangu ya bei iwe PDF ili niwatumie wateja. Nikatafuta programu ya bure, nikabonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa Download, kumbe kile chenyewe kilikuwa tangazo. Nikapiga Next mpaka mwisho. Kinachochekesha ni kwamba sikuhitaji programu yoyote. Kwenye Word au Chrome unabonyeza Ctrl na P kama unataka kuprinti, halafu pale pa kuchagua printa unachagua PDF, unasevu. Imeisha. Ningejua hilo, mama wa madera angepata sare zake.

JUA YAKO NI YA AINA GANI

Kabla ya kugusa chochote, angalia tangazo linatokea wapi.

Kama linaruka kwenye kona ya chini kulia, soma yale maandishi madogo. Ukiona jina la Chrome au Edge pamoja na jina la tovuti usiyoijua, hiyo ni arifa. Ndiyo rahisi kuliko zote.

Kama matangazo yako ndani ya kurasa, hata tovuti ambazo zamani hazikuwa nayo, au ukitafuta kitu unapelekwa kwingine, shuku kiendelezi.

Kama vidirisha vinafunguka hata hujagusa brauza, au kuna programu mpya kwenye kioo ambayo hukuiweka, shuku programu iliyojiweka ndani ya Windows yenyewe.

Unaweza kuwa na zote tatu kwa mpigo. Mimi nilikuwa nazo zote.

Na lile onyo linalojaza kioo kizima likipiga kelele kwamba una virusi na upige namba fulani, usipige. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye maonyo yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, chagua brauza yako, bonyeza End task. Ukiifungua tena ikakuuliza kama irudishe kurasa za mwanzo, kataa.

HATUA YA 1: TOA MALI YAKO KWANZA

Nakili orodha ya wateja, oda, picha za bidhaa na hesabu, weka kwenye flashi au Google Drive. Nakili mafaili yako tu, usibebe programu ulizowahi kushusha. Mpaka umalize kusafisha, mambo ya hela na maneno ya siri fanyia kwenye simu.

HATUA YA 2: FUNGA ARIFA

Kwenye Chrome bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ingia Settings, kisha Privacy and security, kisha Site settings, kisha Notifications. Utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Mimi nilikuta 14, na ninayoijua ilikuwa moja tu, WhatsApp.

Kila usiyoijua, bonyeza vidoti vilivyo mbele yake, chagua Block. Ukichagua Remove tu, siku nyingine inaweza kukuomba tena. Block ni kufunga mlango na komeo. Halafu pale juu chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba arifa kabisa. WhatsApp iache kwenye walioruhusiwa ili usikose meseji za wateja.

Kwenye Edge utafuata njia inayofanana, ingia Settings kisha tafuta Notifications.

HATUA YA 3: TOA VIENDELEZI, NA HAPA NDIPO NILIPOKOSEA

Pale juu unapoandika anwani ya tovuti, andika chrome://extensions kisha Enter. Kwa Edge ni edge://extensions. Pitia kimoja kimoja. Hukumbuki kukiweka? Remove. Ulikiweka lakini hukitumii? Remove.

Sasa sikiliza kwa nini ugonjwa wangu ulirudi baada ya kupiga Windows. Ukiwa umeingia kwenye Chrome kwa akaunti yako ya Google na umewasha usawazishaji, viendelezi vyako vinakumbukwa kwenye akaunti. Fundi alifuta kompyuta, hakufuta akaunti. Nilipoingia tena, Google ikanirudishia vitu vyangu vyote kwa uaminifu, pamoja na yule mgeni. Kwa hiyo kitoe ukiwa ndani ya akaunti yako hiyo hiyo, ndipo kitafutika na huko. Na kama unatumia akaunti hiyo kwenye kompyuta nyingine, nenda ukakague na ile.

Ukikuta kiendelezi hakina namna ya kukitoa, au kwenye menyu ya Chrome kuna maandishi kwamba inasimamiwa na taasisi yako wakati kompyuta ni yako binafsi, shuku kwamba programu ya matangazo imejipa uongozi humo ndani. Kuna antivirusi nazo zinaleta maandishi hayo, kwa hiyo usiogope bure. Endelea na hatua zinazofuata, ya 5 ndiyo ya kazi hiyo.

HATUA YA 4: TOA PROGRAMU NGENI

Ingia Settings ya Windows, kisha Apps. Windows 11 utaona Installed apps, Windows 10 utaona Apps & features. Panga kwa tarehe ya kuwekwa, Install date. Jiulize matangazo yalianza lini, angalia ni nini kiliingia siku hizo. Changu kiliingia siku ile ile niliyoshusha ya PDF, na vilikuwa viwili, sio kimoja.

Jina usilolijua litafute kwanza kwenye simu kabla hujabonyeza Uninstall. Vitu vilivyoandikwa Intel, Realtek, AMD au Microsoft Visual C++ viache, hivyo ndivyo vinavyofanya sauti, picha na programu zako zifanye kazi. Na wakati wa kutoa, soma kila swali. Kuna programu zinakutega hata mlangoni: kitufe kikubwa kinasema "baki nami", kidogo ndicho kinasema toa.

HATUA YA 5: PIGA MSAKO

Usinunue antivirusi iliyotangazwa kwenye matangazo hayo hayo. Windows 10 na 11 zina mlinzi wake wa bure, Microsoft Defender. Fungua Windows Security, kisha Virus & threat protection, kisha Scan options, chagua Full scan. Inachukua muda, iache usiku ikiwa kwenye chaji.

Ikimaliza, rudi pale pale uchague Microsoft Defender Offline. Sevu kazi zako kwanza, kwa sababu kompyuta itajizima na kujiwasha, inasaka kabla Windows yenyewe haijaamka. Ni kama dakika 15.

Halafu kuna kifaa cha bure kinaitwa AdwCleaner, cha kampuni ya Malwarebytes. Kimetengenezwa kwa kazi hii hii ya programu za matangazo, na hakihitaji kuwekwa ndani ya kompyuta, unakifungua tu kinafanya kazi. Kichukue kwenye tovuti yao, malwarebytes.com, na anwani iandike kwa mkono wako. Usiitafute halafu ukabonyeza tokeo la kwanza, maana la kwanza linaweza kuwa tangazo.

HATUA YA 6: RUDISHA BRAUZA ILIVYOKUWA

Kwenye Chrome ingia Settings, kisha Reset settings, urudishe mipangilio ya mwanzo. Alama za kurasa zako na maneno ya siri uliyohifadhi vinabaki. Viendelezi vinazimwa, ukurasa wa kutafutia unarudi wa kawaida. Utatolewa kwenye akaunti nyingi, kwa hiyo hakikisha unakumbuka maneno yako ya siri kabla ya kuanza.

Kama bado ukifungua Chrome inakwenda kwenye tovuti ngeni, bonyeza alama ya Chrome kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, angalia mstari wa Target. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa mwishoni, ifute. Hako kamchezo kananipotezea siku mbili nzima kabla sijakagundua.

HATUA YA 7: LINDA AKAUNTI NA WATEJA

Hii watu wengi wanairuka, na kwetu sisi wauzaji ndiyo kubwa. Viendelezi vingi vinapoingia vinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote. Zote maana yake zote. WhatsApp Web yako imo, yenye majina ya wateja, namba zao na sehemu wanazokaa. Mteja alikupa wewe ili umpelekee mzigo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria, ile ni amana.

Kwa hiyo, ukiwa kwenye simu yako, badilisha neno la siri la barua pepe kwanza, maana ndilo linalofungua mengine yote. Kisha Instagram, Facebook na mengineyo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kote. Kwenye WhatsApp ya simu angalia vifaa vilivyounganishwa, usichokijua kitoe.

JINSI YA KUTORUDI KULE KULE

Programu chukua kwa mwenyewe. Unataka VLC, nenda videolan.org. Unataka 7-Zip ya kufungulia mafaili, nenda 7-zip.org. Zile tovuti zenye vitufe vitano vya Download kwenye ukurasa mmoja, toka mbio.

Ukiweka programu, ukiona kuna chaguo la Custom au Advanced, chagua hilo. Ndiko visanduku vya "weka na hii" vinakojificha. Toa tiki zote.

Achana na programu zilizovunjwa kufuli. Najua Photoshop ya kulipia inauma mfukoni na fundi anakuwekea kwa 10,000. Lakini yule aliyeivunja hakujitolea sadaka. Na mara nyingi unaambiwa uzime antivirusi kwanza ndipo iingie. Mtu anakwambia umfunge mbwa ndipo akuletee zawadi usiku, wewe unamwelewaje? Kwa picha za bidhaa Canva na Photopea zinafanya kazi ndani ya brauza bila kuweka chochote. Kwa barua na hesabu kuna LibreOffice, ya bure na halali.

Ukienda steshenari kuprinti, usiingie na akaunti yako kwenye Chrome yao kisha ukawasha usawazishaji. Viendelezi vyao vinaweza kuhamia kwako. Jitumie faili, fungulia kwenye dirisha la Incognito, ukimaliza toka. Flashi ikirudi nyumbani, ibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua isakwe na Defender kabla hujaifungua.

Washa ulinzi ambao tayari unao. Windows Security, kisha App & browser control, kisha Reputation-based protection. Humo kuna sehemu ya kuzuia programu zisizotakiwa, Potentially unwanted app blocking. Iwashe, uweke tiki zote mbili. Na usikimbie masasisho ya Windows kwa kuogopa bando. Kama bado uko Windows 10, Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uwe mwangalifu zaidi, na kama mashine yako inaweza kubeba Windows 11, hamia.

HATA ULIYE MAKINI, KAGUA KILA MWEZI

Usijione mjinga kama yamekukuta. Lenovo, kampuni kubwa ya kompyuta, kuanzia mwaka 2014 iliuza baadhi ya kompyuta mpya zikiwa tayari zina programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ilikuwa inapachika matangazo kwenye kurasa za watu, na vibaya zaidi ilidhoofisha ile kufuli inayolinda tovuti za benki na maneno ya siri. Mambo yalilipuka Februari 2015, kampuni ikaacha kuiweka na ikatoa njia ya kuifuta. Mwaka 2017 ikafikia makubaliano na serikali ya Marekani kuhusu jambo hilo. Watu walinunua kompyuta mpya kwenye boksi, hawakubonyeza Allow wala Next. Sasa wewe na mimi tunaonunua mtumba, kitu cha kwanza siku ya kwanza ni kufungua orodha ya programu na kuikagua.

Mfano mwingine ni kiendelezi cha The Great Suspender. Kilikuwa kizuri, kinapunguzia Chrome uzito, na watu zaidi ya milioni 2 walikuwa nacho. Mwaka 2020 kikauzwa kwa mmiliki mwingine. Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa kimewekwa mambo mabaya ndani. Walioathirika walikuwa wamekiweka zamani, kikiwa kizima. Kwa hiyo kusema "hiki nakijua, nilikiweka mwenyewe" hakutoshi. Viendelezi vichache ndiyo usalama. Mimi nimebaki na kimoja.

Kila tarehe 1 ya mwezi, kabla sijafungua duka, natenga dakika 10. Naangalia arifa, viendelezi, programu mpya, halafu nanakili orodha ya wateja. Hiyo orodha sasa ipo sehemu mbili, kwenye Google Drive na kwenye flashi iliyoko nyumbani. Ile ya zamani sikuipata tena. Nimeijenga upya kwa kupitia meseji za zamani kwenye simu, mteja mmoja mmoja, na najua kuna waliopotea.

Yule mama nilimtafuta kupitia binti yake aliyeniandikia mwanzo. Nikamweleza ilikuwa nini, nikamwomba radhi. Akanijibu kwa adabu kwamba sare wameshapata kwingine, ila atamwambia mama. Sijui kama alimwambia.

Siku hizi mteja akikaa kwenye kile kiti, kabla sijageuza kompyuta nawasha Do not disturb. Kwa Windows 10 inaitwa Focus assist. Hata meseji zangu binafsi hazijitokezi. Geuza yako leo, uiangalie kama mteja ndiye amekaa hapo.

Kama una mwenzako kompyuta yake inaruka matangazo na ameshaanza kutafuta hela ya fundi, mtumie hii kwanza. Biashara njema.